Waya ya Pasi

Ukitaka kunikasirisha bila kutoka jasho, nitume nikanunue waya za spika, halafu unipigie simu nikiwa dukani. Kaka yangu Kirimi alinipigia mara nne kabla sijaonyeshwa waya hata moja. Mama yetu amezeeka na masikio yake yamechoka, kwa hiyo tulikubaliana kumnunulia redio ya maana yenye spika mbili, moja ikae karibu na kiti chake, asikie ibada na matangazo bila kuamsha kijiji chetu kizima cha Githongo. Redio Kirimi alishainunua. Mimi niliachiwa waya tu. Kwa mtu asiye na kaka, hiyo ni kazi ya dakika tano.

"Umeona ile nene?" aliniuliza. Alikuwa shambani kwake Mitunguu, na nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakinyunyizia migomba.

"Kirimi, kutoka kwa redio mpaka kiti cha mama ni hatua tatu."

"Nyembamba inakula sauti. Chukua nene. Kama hawana, toka hapo uende duka ingine."

"Nimeshatoka maduka mawili."

"Basi enda la nne. Unabishana na mimi nini na hujui mambo ya waya?"

Sijui mtu mwingine mwenye ugonjwa huu. Spika za sebuleni kwake zimefungwa kwa waya ambayo ingevuta trekta kutoka matopeni. Kanisa lao liliponunua vyombo vya muziki, alisimama mbele ya wazee kwa muda mrefu kuliko mahubiri, akipinga waya waliyoleta, mpaka wakairudisha. Harusi yangu mwenyewe ilichelewa kuanza kwa sababu yake: alikuwa amepiga magoti nyuma ya hema akibadilisha waya za watu wa muziki, suti imejaa vumbi, nami nimesimama na shela yangu nikimngoja mtu wa kunipeleka mbele, maana baba alikuwa ameshatutoka. Wengine huita huo ujuzi. Mimi niliuita ukaidi, na nilijua ameurithi wapi.

Kijana wa dukani alinivumilia. Alivuta waya mbili kutoka kwenye magurudumu yake, akazilaza kwenye kaunta mbele yangu, akachuna ncha ya ile nene kwa kisu ili nione shaba. "Mum, hii ni shaba tupu," alisema. Harufu ya mpira uliokatwa ikanifika puani, na hasira yangu ikapata mahali pengine pa kwenda. Nilijiona nikiwa na miaka saba, nimesimama uani kwetu nikishikilia ncha ya waya, nimekatazwa kusonga.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu wake haukuisha kengele ikilia. Mwaka ambao kahawa ililipa vizuri alinunua redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili za kubandua, masanduku mawili ya mbao yaliyovishwa kitambaa cheusi kwa mbele. Umeme haukuwa umefika kwetu. Redio ilikula betri ya gari, na betri ikiisha ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, kwa hiyo iliwashwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo na ibada ya Jumapili, ikazimwa. Muda mwingine wote ilikaa kimya chini ya kitambaa alichokifuma mama. Haikupita miezi mingi upande mmoja wa redio ukafa. Baba hakumruhusu fundi kuigusa. Aliunganisha spika zote mbili kwenye upande uliobaki, akatangaza kwamba hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Desemba hiyo Kirimi, aliyekuwa amemaliza shule ya msingi, alitahiriwa. Kwetu kijana akishapashwa tohara hukaa kibandani karibu mwezi mzima mpaka apone na kufundishwa. Mama yake hamwoni, dada zake hawamwoni, na hata baba hakanyagi humo. Anatunzwa na mlezi wake. Mlezi wa Kirimi alikuwa Gitonga, kijana wa jirani aliyetoka kibandani mwenyewe miaka michache tu iliyopita na bado alitembea kifua mbele. Mama alipika, mimi nikabeba chakula mpaka kwenye migomba iliyozunguka kibanda, nikakiweka juu ya jiwe, nikamwita Gitonga, nikageuka na kurudi bila kutazama nyuma. Jioni mama alisimama mwisho wa ua na kuuliza kwa sauti, "Ameshindaje?" Gitonga alijibu kila siku neno lile lile: "Dume ni sawa, mama."

Siku ya pili tu baba akapata wazo.

"Kijana akikaa mwezi mzima bila kusikia Kiingereza, kitamtoka chote, na Januari anaenda sekondari," alisema. "Tumpelekee spika moja, asikilize habari."

"Amekatwa jana tu, Mwalimu," mama alisema. "Habari gani anataka?"

Lakini baadaye nilimwona ameichukua ile spika, anaipangusa kwa leso yake, mbele, nyuma na kwenye pembe, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Nafikiri ilimjia kwamba kitu cha nyumbani kwake kitaingia mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi. Hakupinga tena.

Hapo ndipo taabu ya waya ilipoanza. Kutoka sebuleni mpaka kibandani zilikuwa hatua sitini za baba, kupitia katikati ya kahawa. Kwanza alileta waya nyembamba kutoka sokoni, nyekundu na nyeusi, haikuzidi uzi wa kushonea gunia. Gitonga aliingiza ncha yake kupitia ukuta wa kibanda na kuifunga kwenye spika. Baba akawasha. Tukasikia Gitonga akipaza sauti kutoka migombani, "Inanong'ona tu!"

Mtu mwingine angesema basi. Baba aliichuna upya kwa meno, akageuza ncha, akaondoa vifundo, akavirudisha. Mbuzi alipoitafuna sehemu, baba akaiunga na kuifunga kwa nailoni ya pakiti ya maziwa. Mimi nilikuwa mshika ncha. "Shika hivyo. Usisonge," aliniambia, halafu akapotea ndani ya kahawa kwa muda ambao mkono ulikufa ganzi na inzi wakanijaa usoni. Kahawa ilikuwa imeiva inaanguka chini, na mama alichuma peke yake huku akisema maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Baba alitufundisha wote, tupende tusipende. Waya, alisema, ni kama mfereji wa maji. Mfereji mwembamba hupeleka maji kidogo. Na maji hushuka tu, hayapandi. Sauti hutoka kwa redio kwenda kwa spika, basi, hairudi.

Jumamosi, siku ya kuchuma, alitoroka kwenda Meru mjini kutafuta waya. Alirudi jioni na waya ya pasi. Ndiyo, ile nene ya kufungia pasi ya umeme, iliyovishwa uzi mweusi wenye madoadoa meupe, inayonuka mpira. Mtu ambaye nyumba yake haina umeme alinunua hatua sitini za waya ya pasi, akatueleza jinsi alivyobishana na mwenye duka mpaka akaletewa kiti. Mama alizitazama zile koili miguuni pake, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kibandani, baba aliikata ile nyembamba pale ilipotokea ukutani, akaunga nene yake hapo kwa nje. Ndani kilibaki kipande chekundu na cheusi kisichozidi mkono. Gitonga akapaza sauti tena, na safari hii akasema inasikika vizuri. Baba alitembea siku nzima mikono nyuma.

Sasa nieleze upumbavu wangu, maana kila mtu nyumbani alikuwa na wake.

Mimi niliamini kwamba wafu waliotangazwa redioni walikaa ndani ya spika. Ilikuwa wazi kabisa kwangu. Kila jioni mtangazaji alisoma majina yao, na watoto wao, na mahali watakapozikwa, halafu baba akazima redio kuokoa betri. Walikuwa wameingia, sikuwaona wakitoka. Sikuwaogopa sana, maana walikuwa watu wa mbali na hawakunijua. Tena nyanya, kabla hajafa, alikuwa ametuonya jambo moja: ukisikia jina lako likiitwa na humwoni anayekuita, usiitike, kwa maana anayeitika huenda naye.

Ilikuwa mchana, wiki ya pili. Mama alikuwa kwenye kahawa, baba shuleni kwenye mkutano. Nilikaa chini sebuleni nikichambua maharagwe kwenye ungo, mgongo wangu kwenye spika iliyobaki, nikihesabu mabovu kwa sauti. Redio ilikuwa imezimwa. Nilisikia mtu akiguna. Ilikuwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko ya mbu, na ilitoka nyuma yangu. Niliweka sikio kwenye kile kitambaa cheusi. Ikaguna tena. Halafu ikaita, "Kanyoni."

Kanyoni, ndege mdogo, lilikuwa jina langu la utani. Mfu alinijua. Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili nisije nikaitika kwa bahati mbaya, nikatoka nje na ungo wangu, na maharagwe nikayachambulia juani.

Kesho yake mama alinirudisha sebuleni kwa sababu ya mvua. Ile sauti ikaita tena. Iliita mara nyingi, ikinyamaza na kuanza upya, na mimi nimekaa kona ya mbali, mdomo nimeubana, machozi yananitoka, najivunia kwamba sijaitika. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba kama sitasema na sitaitika, mfu atachoka atafute mtoto mwingine.

Siku ya tatu nilikataa kuingia sebuleni. Mama, aliyekuwa amechoka na baba, na kahawa, na mvua, alinishika bega akanisukuma kuelekea mlangoni, nami nikapiga kelele kwamba kuna mfu ananiita.

"Mfu wa wapi tena?"

"Wa redio."

"Redio imezimwa, Kagendo. Hebu usinimalize leo." Halafu akasimama. "Anakuitaje?"

"Kanyoni."

Mama aliniacha bega. Hakuna aliyeniita hivyo nyumbani isipokuwa mmoja. Aliingia sebuleni akiwa na matope miguuni, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kitambaa. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba. Alipoinuka alimfuata baba nje, ambako alikuwa anakagua vifundo vya waya yake.

"Mtoto anaungua homa. Nenda kamtoe."

"Nani amekwambia?"

"Nimemsikia kwa spika."

Baba alivua miwani. Najua alikuwa na hofu, lakini mwalimu alitangulia. "Mama Kirimi, redio imezimwa. Nimewaeleza jambo hili. Sauti haiwezi kurudi nyuma, ni kama mfereji..."

"Gitonga amesema yuko sawa, wewe umesema haiwezekani, na mimi nimemsikia mwanangu," mama alisema. "Usipoenda wewe, naenda mimi. Sasa hivi. Na wazee waje waniulize."

Mama kuingia kibandani ilikuwa ni mambo yasiyotamkika. Baba aliangalia uso wake, akaona kwamba ataingia. Alitupa koleo chini akaenda, akakanyaga mahali asipotakiwa kukanyaga. Kirimi alibebwa na pikapu ya jirani hadi hospitali ya misheni, amefunikwa blanketi uso na mwili ili sisi tusimwone. Kidonda kilikuwa kimeoza. Gitonga alikuwa amempa miti shamba na kumwambia anyamaze, kwa kuwa dume halilii. Daktari alimwambia baba kwamba siku moja zaidi ingetosha kumuua.

Siku moja zaidi. Na mimi nilikuwa nimekaa na siku mbili mdomoni.

Alipona. Lakini alimalizia uponyaji wake mikononi mwa wauguzi wa kike, na wenzake walimkejeli kwa hilo mpaka wakaota ndevu. Alirudi nyumbani mtu mzima, mkimya, na tangu siku hiyo aliniita Kagendo, kama wengine wote. Nilijua sababu, au nilifikiri najua. Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba spika mbili zilizofungwa pamoja husikizana hata redio ikizimwa, na nilifikiri Kirimi anajua kwamba nilimsikia nikanyamaza. Sikuweza kumuuliza, maana mambo ya kibandani mwanamke hayaulizi, na mwanamume hayasemi mbele ya dada yake. Tulizeeka hivyo, tukisaidiana karo, mazishi na harusi, na lile jambo limekaa katikati yetu.

"Mum, ni mita ngapi?" kijana wa dukani aliniuliza. Simu ikalia. Mara ya tano.

"Umechukua?" Kirimi aliuliza.

Hapo nilichoka. Nilimwambia kwamba nachukua nyembamba, kwamba mama si kiwanda, kwamba kama anataka nene aje ainunue mwenyewe, na kwamba amefanana na baba mpaka inatia huruma. Nilisema hayo yote mbele ya wateja wengine bila aibu.

Naye akawaka. "Kwani wewe unajua nini? Nyembamba inakula sauti! Mimi nililala siku tatu nikikuita kwa hiyo takataka ya waya na hukusikia. Siku tatu. Wewe nilikuwa nakusikia ukihesabu maharagwe yako, lakini kama mbu, kama uko kule mbali Isiolo. Mtu mzima wa afya anasikika kama mbu, mimi mgonjwa ningefikaje? Baba angeweka waya ya maana, ungesikia, ungeitika. Kwa hivyo usiniambie hatua tatu."

Mambo ya kibandani yalikuwa yamemponyoka, kama mtu aliyeangusha kitu.

Nilitazama waya mbili kwenye kaunta, nyembamba na nene. Miaka yote hiyo. Kanisa, hema la harusi, sebule yake, wazee aliowachosha. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Ilibidi mtu alaumiwe, akailaumu waya, kwa sababu ndani ya kile kibanda aliiona tu ile ncha nyembamba, nyekundu na nyeusi, iliyoingia ukutani. Ningeweza kumwachia hivyo. Nilikuwa na sababu nzuri ya kumwachia.

"Kirimi," nilisema. "Waya ilikuwa nene."

"Nini?"

"Nyembamba ilikuwa pale ukutani tu. Huku nje baba aliweka waya ya pasi. Hatua sitini za waya ya pasi, mimi ndio nilishika ncha." Niliisukuma ile nene kando. "Sauti yako ilifika. Nilikusikia siku mbili nzima. Uliniita Kanyoni. Nilidhani ni mfu wa matangazo, na nyanya alisema tusiitike. Nilikaa nimeziba mdomo. Mama ndiye alikusikia siku ya tatu, baada ya mimi kulia."

Nilisikia maji ya Mitunguu yakinyunyiza. Kijana wa dukani alikuwa ameshika mkasi, hajui aangalie wapi.

"Waya ya pasi," Kirimi alisema hatimaye.

"Ya pasi."

"Na umeme hatukuwa nao."

"Hatukuwa nao."

Alitoa pumzi ndefu, na sikuweza kujua kama ni kicheko au ni nini. "Sasa mimi nimenunua hizi zote nene za nini?" alisema. Halafu akasema kwamba nichukue tu ile nyembamba, ni hatua tatu, mama atasikia. Nilimgeukia kijana nikamwonyesha ile nyembamba kwa kidole, na Kirimi alidhani nimekata simu.

"Kanyoni?" aliita. "Kanyoni, uko?"

Niliitika. Niliitika kwa nguvu mpaka watu wote dukani wakageuka.